Madaftari Kumi na Manne ya Baba

Baba alifariki Agosti 2023 katika hospitali moja mjini Kisumu, siku ya kumi na moja baada ya kupatwa na kiharusi akiwa amekwenda kuitazama nyumba yake ya mashambani, Bunyore. Alikuwa amefundisha katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kusomea saikolojia akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na miaka yake ya mwisho aliitumia Nakuru, akifundisha chuoni asubuhi na kuwapokea watu jioni katika chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu. Watu hawakumwita daktari wala mshauri. Walimwita Mwalimu, mjini na kijijini, na hata Mama alimwita hivyo.

Mimi ndimi kifungua mimba, na kikao cha kwanza cha matanga kilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, walisema, nimezoea kalamu. Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja. Ilinichukua siku tisa, ikanigombanisha na baba zangu wadogo, ikanifanya nitende jambo ambalo sitaweza kulitendua, na ikanifundisha kwamba mtu aliyeishi kwa kutunza siri za wengine hakumbukwi kwa njia ile ile anayokumbukwa mtu mwingine. Ninaandika kwa ajili ya familia zitakazoachiwa kazi ya mtu wa namna hiyo, awe mwanasaikolojia, mshauri nasaha, kasisi au daktari, kwa kuwa sisi hatukuwa na wa kutuambia.

Kosa la kwanza lilihusu simu. Baba alipolazwa, simu yake ilibaki mkononi mwa mdogo wangu, na baada ya kifo hatukufikiria kumwondolea. Usiku wa tatu wa matanga, mwendo wa saa nne, mwanamke mmoja alipiga akauliza kama siku yao ya Alhamisi ingali vile vile. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amelala tangu Kisumu, alimjibu, "Mwalimu amefariki, tuko kwenye matanga," akakata. Simu ililia tena mara tatu. Kila alipoipokea hakukuwa na sauti, ila pumzi za mtu. Hatukumjua alikuwa nani, na hatujui hadi leo usiku ule ulimwishia vipi. Nimemwombea mwanamke huyo mara nyingi kuliko nilivyowaombea baadhi ya jamaa zangu.

Laiti ningejua, ningeichukua simu ile siku ile ile na kumkabidhi mtu mmoja tu, mtulivu, asiye na kazi nyingine ya matanga. Tulikuja kuelekezwa baadaye la kusema, tukaliandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu yenyewe: usimuulize jina, mpe habari polepole, muulize kama yuko na mtu karibu, kisha mpe nambari ya mshauri mwingine aliyekubali kuwapokea. Vilevile tungewazuia vijana wetu kutandaza picha na tangazo la kifo kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya siku moja au mbili kupita. Kuna mtu aliyekuwa akihesabu siku za kumwona Baba, akayapata maneno hayo kati ya matangazo ya harusi na ya mashamba yanayouzwa.

Kuhusu tarehe sitakawia. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa 1952, kadi ya ubatizo ilisema 1950, na shangazi yetu mkubwa alishikilia kwamba alizaliwa kabla yeye mwenyewe hajaota meno ya pili, hesabu ambayo haikulingana na karatasi yoyote. Katika wasifu tuliandika "mwanzoni mwa miaka ya hamsini" na kila mtu akaridhika. Palipotuumiza ni kwenye kibali cha mazishi. Aliyetutolea majina alitaja jina la ubatizo ambalo halimo katika kitambulisho, hakuna aliyekagua, na cheti cha kifo kikafuata kosa hilo hilo. Benki ilikikataa. Kukisahihisha kulitugharimu miezi minne na safari tatu za kutoka Nakuru hadi Kisumu na kurudi, zaidi ya shilingi elfu sita za nauli peke yake, wakati ambapo Mama alikuwa na haja ya kila shilingi. Nendeni na kitambulisho chenyewe mkononi, msome herufi moja moja kabla ya karatasi kupigwa muhuri, hata kama macho yamejaa machozi.

Sasa nirudi kwenye wasifu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za sifa. Nilieleza jinsi alivyokuwa mpole, msikivu, mcha Mungu, baba asiyewahi kupaza sauti. Nilimsomea Mama sebuleni, watu wakiwa wamelala kila mahali sakafuni, naye akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu uliyemwandika simjui. Mimi niliishi na mtu."

Akanisimulia jambo nililokuwa nimelisikia kwa vipande tu tangu utotoni. Katika miaka ya themanini Baba alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya huku magharibi, akiogopwa kwa kiboko chake. Alimchapa mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akichelewa kuamka kila siku, akamchapa mbele ya gwaride. Wiki iliyofuata mvulana alitoroka. Ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa amemzika mama yake wakati wa likizo, na hakuna mtu aliyekuwa ameiarifu shule. Baba alimtafuta kwa miaka miwili, akiulizia sokoni Luanda na kwenye vituo vya matatu hadi Busia, asimpate. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini Baba alikuwa amekiweka chake juu ya dari yapata miaka kumi kabla ya hapo, na Mama alisema hakuenda kusomea saikolojia kwa kutafuta cheo. Alikwenda kwa sababu ya mvulana yule.

Mama alitaka jambo hilo liandikwe. Baba zangu wadogo walikataa kata kata. Mkubwa wao alisema matanga si mahali pa kumvua mtu nguo, na kwamba wageni wangeondoka wakikumbuka kiboko na kusahau mengine yote. Tulibishana jioni mbili. Sikuwa na ujasiri wa kumpinga mzee hadharani, na ninakiri kwamba nilikuwa tayari kulifuta. Ni Mama aliyesema kwamba kama haliandikwi atalisema mwenyewe kaburini. Mwishowe liliingia kwa sentensi mbili, na yeye ndiye aliyezisoma. Kwa maoni yangu, maneno yale mawili matatu yalimpa Baba heshima kuliko kurasa zangu tatu, kwa kuwa walimu waliokuwapo, wengine wakiwa na viboko vyao kwenye kumbukumbu, walinyamaza kwa namna ambayo sijaiona kwenye mazishi mengine.

Kuhusu nyumbani, pia, ilinibidi nijifunze kusema kweli. Mtu anayesikiliza huzuni za watu kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni hafiki mezani akiwa na maneno mengi. Baba alikuwa akitoka katika chumba chake, anakaa kwenye kigoda chini ya mparachichi kwa nusu saa nzima, akitazama ua. Sisi watoto tulimwona dirishani, tukataka kumkimbilia, na Mama akatuzuia akisema, "Mwacheni, baba yenu bado hajafika." Kwa miaka mingi nilidhani hatupendi. Nilikuwa na umri wa kuolewa nilipoelewa kwamba ile nusu saa ilikuwa zawadi yake kwetu, kwamba hakutaka kuingia na mizigo ya watu wengine ndani ya nyumba yenye watoto. Nusu saa ile iliingia katika wasifu. Watoto wa wauguzi na wa polisi waliniambia baadaye kwamba wao pia walikuwa na mparachichi wao.

Kipindi nilichotaka sana kukieleza ni mwanzo wa 2008. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao katika Bonde la Ufa walipiga kambi kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na Baba alikwenda huko karibu kila siku kwa miezi kadhaa, bila malipo, akibeba chupa ya chai na kigoda kile kile cha chini ya mparachichi. Alikuwa Mluhya katikati ya watu waliokuwa wamejifunza kuogopa kabila la jirani, na hakuna aliyemtuma. Alituambia mambo mawili tu kuhusu kambi ile. La kwanza, kwamba watoto wengi walilala na viatu miguuni. La pili, kwamba hakumuuliza mtu yeyote "una shida gani," kwa sababu mtu aliyechomewa nyumba huona swali hilo kuwa matusi. Alimuuliza, "Usiku umelala vipi?" na kuanzia kwenye usingizi mtu alifika mwenyewe alikotaka kufika.

Mambo mawili hayatoshi wasifu, nikafikiri. Nilitaka zaidi, na nilijua yalipo. Katika chumba chake kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye fungu la Mama. Nilijiambia kwamba ninatafuta habari za kambi tu, nikangoja Mama alale, nikalifungua. Mlikuwa na madaftari kumi na manne, yale makubwa yenye jalada gumu, yameandikwa kwa mkono wake mdogo ulionyooka. Hakuandika majina. Kila mtu alikuwa na nambari. Nilifungua moja katikati, nikasoma kurasa mbili, na ukurasa wa pili haujaisha nilikuwa nimekwisha kumtambua mtu mwenye nambari ile, kwa sababu majonzi yake yalikuwa na siku na mahali, na mahali hapo ninapajua.

Sitasema ni mtu gani, wala yaliyomo, na hata haya machache nimeyazungushia maneno yasimfikie. Nilifunga daftari mikono ikitetemeka. Ni mtu ninayekutana naye mjini mara kwa mara, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Kuanzia usiku ule nilijua jambo lake ambalo hakunikaribisha kulijua, na kwa miezi mingi nilipomwona kwa mbali nilivuka barabara.

Asubuhi nilimpigia mwanasaikolojia mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi na Baba, nikijifanya ninauliza tu utaratibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba washauri nao wana msimamizi, mtu wanayempelekea mizigo yao ili wasianguke nayo, na kwamba kwa miaka mingi msimamizi wa Baba alikuwa yeye. Alifika mchana ule ule kutoka Njoro. Alikaa, akakataa chai, akaniuliza, "Binti yangu, umesoma?" Sikuweza kumdanganya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sasa na wewe uko chini ya kiapo chake."

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Alinieleza kwamba siri ya aliyeshauriwa haifi pamoja na mshauri, na kwamba maneno yaliyomo katika madaftari yale si urithi wetu, ingawa karatasi na wino vilinunuliwa na Baba. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Lakini alisema hata kabla ya sheria hizo mtu wa kazi hii alijua la kufanya. Aliyahesabu madaftari mbele ya Mama, akayafunga kwa karatasi ya kaki, wote wawili wakatia sahihi juu ya gundi, wakaandikiana hati fupi kwamba yeye ndiye atakayeyatunza. Alitaka pia tarakilishi ya Baba na simu, jambo ambalo lisingetujia akilini. Mtu atakayetaka kuendelea na mshauri mwingine, alisema, ndiye atakayeamua kama kurasa zake zihamishwe.

Uchungu wenyewe ulikuja miezi miwili baadaye, tulipofungua mkoba wa Baba kutafuta karatasi za shamba. Ndani mlikuwa na bahasha iliyoandikwa jina la Mama. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu: jina la msimamizi wake, nambari yake ya simu, na maneno "sanduku la bati lisifunguliwe na mtu wa nyumbani." Alikuwa ameyafikiria yote. Ila hakutuambia bahasha iko wapi, nasi hatukuwahi kumuuliza, kwa kuwa kwetu kumuuliza mzazi habari za baada ya kifo chake huonekana kama kumwita kifo mlangoni. Muulizeni. Muulizeni akiwa mzima, mkiwa mnakunywa chai, ufunguo uko wapi na nani apigiwe kwanza.

Tulichapisha vijitabu mia tatu vya ibada kwa shilingi 120 kimoja, jumla elfu thelathini na sita, katika gharama zote za mazishi zilizofika karibu laki nne na nusu mbali na bili ya hospitali. Michango ilifika laki tatu na ushee. Zilizobaki nilizikopa kwenye chama cha akiba na mkopo, na nilizilipa kwa miezi kumi na minane. Kati ya fedha zote hizo, zile za vijitabu ndizo zinazoniuma. Katika orodha ya watoto niliandika majina yetu wanne. Kuna binamu yetu, mtoto wa marehemu kaka yake Baba, aliyelelewa nyumbani mwetu tangu akiwa na miaka sita, aliyemwita Baba "Baba" na aliyelala hospitalini Kisumu usiku saba kati ya zile siku kumi na moja. Nilimweka chini ya "jamaa wengine." Sikukusudia ubaya, nilikuwa nimenakili orodha kutoka kwenye barua ya chifu. Aliona jina lake lilipo jioni ya kuamkia mazishi, vijitabu vikishushwa garini. Tulikimbia Luanda kuchapisha ukurasa mwingine, tukaubandika usiku kucha, lakini alikuwa amekwisha kuona. Ametusamehe, anasema, ila kwenye picha ya familia kando ya kaburi hayumo. Kila anayetajwa katika wasifu asome sehemu yake kabla ya kwenda kwa mchapishaji, na anayeandika asiwe mtu mmoja aliyekosa usingizi.

Siku ya mazishi wageni walikuwa wengi kuliko chakula. Mfawidhi aliwaomba waliofundishwa na Mwalimu wasimame, na kati ya waliosimama palikuwa na watu ambao hesabu yao ilinitatiza: mama mfanyabiashara wa makamo ambaye hakuwahi kuwa kwenye shule yoyote ya Baba, kijana aliyevaa sare ya kampuni ya ulinzi, na mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye kwa macho tu alikuwa amemzidi Baba umri. Baba yangu mdogo alimkaribia mzee yule kwa heshima, akamuuliza, "Mzee, alikufundisha wapi?" Mzee alijibu tu, "Alikuwa mwalimu wangu," akatazama chini. Kabla baba mdogo hajauliza tena, Mama aliinuka kwenye kiti chake cha ujane, akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye hema la familia na kuagiza aletewe chakula.

Sikuelewa hadi tulipokuwa njiani kurudi Nakuru. Tulikuwa tumesimama Mau Summit kununua viazi, baridi ikiwa kali, na Mama akaanza kusema bila kuulizwa. Baba aliwaambia wote waliokuja katika chumba kile kwamba mjini watu watawauliza wanamjua vipi, na wasihangaike kutafuta uongo. "Sema nilikuwa mwalimu wako," aliwaambia. "Hakuna atakayeuliza zaidi." Ndiyo sababu Mama hakumwita kwa jina jingine.

Masuala ya mirathi yalienda kwa mwendo wa mahakama: barua ya chifu, ombi, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku thelathini za kungoja pingamizi, kisha miezi sita kabla hati kuthibitishwa. Hayo yanahitaji subira na faili moja iliyopangwa vizuri, wala sina zaidi ya kuyasemea. Kilichonitoa machozi upya ni habari ya Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Baba alikuwa akisema kwamba hakuna kazi ngumu kama kumsikiliza mtu aliyetolewa seli asubuhi kwa kosa la kutotaka kuishi. Niliposikia habari ile redioni, mkono wangu ulikwenda kwenye simu kumpigia.

Agosti 2024 tulifanya ibada ya kumbukumbu, ndogo, nyumbani Nakuru, bila vijitabu. Binamu yetu ndiye aliyesoma neno. Watu walipoanza kutoka, nilikuwa nimesimama langoni nikiwashukuru, na kati yao akaja mtu yule ambaye nilikuwa nimemvukia barabara mwaka mzima. Alikuwa na rafiki yake, na huyo rafiki akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa jinsi alivyomjua marehemu.

"Alikuwa mwalimu wangu," akasema.

Nilimpa mkono, nikamwambia kwamba Mwalimu aliwapenda wanafunzi wake wote, na kwamba Mama amewawekea chai ndani kama hawana haraka. Walirudi, wakaketi chini ya mparachichi.